Uso wa Nne

Kidole gumba cha Nyanzala Kapembe kilianza kushuku kabla mwenyewe hajashuku.

Alikuwa ameshika sanamu ya mdomo wa mtoto Wande, plasta ingali na uvuguvugu, akiipitishia kidole kutafuta mapovu kama alivyofanya kwa miaka thelathini na mmoja. Chini ya pua palikuwa na mfereji wenye kina, uliopinda kidogo kwenda kushoto. Pale ulipoishia, pembe ya kushoto ya mdomo ilinyanyuka, kama ya mtu aliyekwisha kupata neno la kumtania mwenzake na anangoja nafasi tu. Kidole kikasimama. Kilikuwa kimepita hapo siku chache nyuma. Kilipita hapo Jumanne, kwenye mdomo wa mtoto wa kiume aliyeletwa kutoka Urambo.

"Bibi, mdomo wangu unanuka samaki," Wande alisema kutoka kwenye benchi.

"Si samaki, ni mwani. Unga wa mwani ndio unaochukua umbo. Nenda kanawe pale bombani, na usimalize maji ya mji."

Mtoto akatoka mbio. Alikuwa na miaka sita, na mdomo ule aliutumia vizuri: alipiga mluzi, aliimba, aliuliza maswali mpaka watu wakakimbia. Mama yake, Kalunde, alibaki ameketi, khanga ameikunja mapajani, anaikunjua, anaikunja tena.

"Una nini leo?" Nyanzala alimuuliza. "Umeingia hapa kama mtu anayekwenda kuhukumiwa."

"Jumamosi naitwa kwa baba mkwe. Ukoo unakaa. Wanasema Wande ana mdomo wa mtu. Si wa kwao wala si wa kwetu. Mume wangu, Mhoja, siku ya tisa leo hali nyumbani. Anarudi, analala, anaondoka."

"Kuna kipimo cha damu. Saa moja tu, yamekwisha."

"Nipimwe kama maziwa yanayopelekwa kiwandani?" Kalunde aliinua uso, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Nimemwambia Mhoja, siku atakayompima Wande, asinitafute. Nitakuwa nimeondoka, majibu yaje ya namna yoyote."

Nyanzala alimwangalia. Mwanamke asiye na hatia, alijiwazia, angekimbilia kipimo. Kisha akaona kitu kingine. Kalunde alikuwa akitazama dirishani, na dirisha lile lilielekea getini.

*

Siku hizo mdomo wa mtoto aliyezaliwa nao ukiwa wazi haukushonwa tena kwa uzi. Ulioteshwa. Pale Kituo cha Nyuso, Tabora, walichota chembe kidogo kutoka shavu la mtoto mwenyewe, wakazipanda kwenye chumba cha joto kilichoitwa kitalu, na baada ya wiki saba nyama na ufizi vilikuwa tayari kuwekwa mahali palipokuwa na pengo. Lakini nyama haijui umbo. Anayeiambia ikae vipi ni mtambo uliopewa jina la Mchoraji, na Mchoraji naye hawezi kubuni tu. Anataka kuona nyuso nne: ya mama, ya baba, na ya mzee mmoja kutoka kila upande. Nyuso tatu hazipokei. Kiti ambacho ndugu hukalia ili waonwe kinawaka taa nyekundu, na mtoto anarudi nyumbani na pengo lake.

Kisha Mchoraji anasahau. Hiyo ilikuwa sheria, iliyowekwa baada ya ile miaka ya wizi wa nyuso, ambapo mtu alikuwa akijiona kwenye ukuta wa sokoni anahubiri maneno ambayo hajawahi kuyatamka. Mchoro ukikamilika, nyuso zote nne zinafutwa. Hazirudi, hata kwa amri ya waziri.

Kilichobaki ni kulea. Kila mwaka mtoto anarudishwa, na nyama ile inapewa maelekezo mapya ili ikue sawa na uso. Asipolelewa, anakuwa mtu mzima mwenye kipande cha mdomo wa mtoto mchanga. Na kwenye mkataba, ukurasa wa mwisho, paliandikwa kwa herufi zilezile ndogo kama nyingine zote kwamba ikigundulika uso mmojawapo haukuwa wa ndugu, kulea kunasimama.

Katikati ya mitambo hiyo yote Nyanzala na plasta yake walikuwa kama kinu kwenye jiko la umeme. Kanuni ya zamani ilidai kila mtoto awe na sanamu inayoshikika kwa mkono, ichukuliwe kabla ya upasuaji na kila mwaka baada yake, na hakuna aliyekumbuka kuifuta. Yeye aliipenda kazi. Alikuwa mfua mashuka wa hospitali alipojifunza, jioni baada ya jioni, kwenye darasa la watu wazima, na cheti chake alikitundika mahali ambapo hata daktari hakuweza kuingia bila kukisoma.

Mchana ule hakula. Alifunga mlango, akashusha sanamu kutoka rafu, mwaka kwa mwaka, akafumba macho na kuacha kidole kitafute. Macho hudanganywa na rangi na vumbi, lakini plasta chini ya kidole haina pa kujificha. Kufikia saa nane, mezani palikuwa na midomo kumi na mmoja. Wavulana sita, wasichana watano. Wa Urambo, wa Sikonge, wa Nzega, wa hapa mjini. Majina hayakuhusiana kabisa. Mfereji ulikuwa mmoja, pembe ya kushoto ilikuwa moja.

Mtu mmoja, aliwaza. Kuna mtu mmoja anapita katika nyumba za watu.

Halafu akawaza vibaya zaidi. Au kuna mtu humu ndani anachora anachotaka.

*

Daktari Chilongani alikuwa mtu mpole, mwenye umri wa kuwa mwanawe, na alikuwa na tabia ya kusimama kila mara mtu mzima anapoingia ofisini. Alisimama.

"Karibu, mama."

Nyanzala hakuketi. Alitoa sanamu mbili kwenye mifuko ya aproni, akaziweka juu ya karatasi zake. "Huyu ni Wande, wa Isevya hapa mjini. Huyu ni wa Urambo. Nieleze, daktari."

Alizitazama. Nyanzala alikuwa akimtazama yeye: mdomo wake ulikuwa mpana, bapa, wala hauna mfereji wa kutajika. Basi si wewe, alisema moyoni, na akashangaa kuona bado hajamwondolea shaka.

"Watoto hufanana, mama."

"Hufanana sura. Hawafanani milimita."

"Mchoraji hupenda alama kali. Kukiwa na mzee mwenye alama kali, anaifuata, kama damu inavyofanya. Huenda wazee wawili walikuwa na alama moja." Alizungumza taratibu, na kidole chake, pengine bila yeye kujua, kilikuwa kimelala juu ya ule mfereji. "Nani mwingine umemwonyesha?"

"Hakuna."

"Vizuri." Alizisogeza zile sanamu kuelekea kwa Nyanzala. "Nilitaka kukwambia jambo, mama. Zile rafu. Nimepata kibali. Jumatatu zinageuzwa stoo ya mashuka. Plasta yote itatolewa."

Mara mbili alikuwa ameomba kibali hicho na mara mbili akakataliwa. Leo kimepatikana. Nyanzala alirudisha sanamu mifukoni, akashukuru kwa sauti ya mtu asiyeshukuru chochote, akatoka nje kupunga upepo.

Getini alikaa Pazi Kibwana, mlinzi, Mzaramo wa Kisarawe aliyefuata reli ya umeme ilipoletwa na hakurudi kwao tena. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na kwa miaka kumi na minne hawa wawili hawakuwahi kusalimiana kama watu wa kawaida.

"Mpagazi wangu!" Pazi alipaza sauti. "Mbona mifuko imejaa? Umezoea kubeba mpaka huwezi kutembea mtupu?"

"Niache leo, Mzaramo."

"Nikuache uende wapi? Babu yangu alimlipa babu yako shuka mbili, mzigo bado haujafika!" Akacheka, kicheko chake cha upande mmoja.

Pembe ya kushoto ikanyanyuka.

Nyanzala alisimama pale juani, mikono mifukoni, kila mkono umeshika mdomo wa mtoto, akamtazama mtu aliyemfahamu miaka kumi na minne kana kwamba ameshuka leo kutoka kwenye treni.

*

"Keti," alimwambia. Walikuwa ndani ya chumba chake, na ufunguo aliuweka kifuani.

"Dada, watu watatusema."

"Keti, Mzaramo, na usifungue mdomo mpaka nikwambie."

Alikoroga unga wa mwani, akampaka kuanzia puani hadi kidevuni, akahesabu dakika nne. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane Pazi alinyamaza, macho yakimzunguka kama ya mbuzi aliyefungwa. Plasta ilipoganda, Nyanzala hakuhitaji kufumba macho. Aliipanga ile sanamu mwisho wa mstari, baada ya zile kumi na moja, kama baba nyuma ya wanawe.

"Watoto kumi na mmoja," alisema. "Wake za watu kumi na mmoja. Na mmoja wao keshokutwa anatolewa kwenye nyumba yake kama mwizi. Sema."

Pazi alijifuta. Hakutania. "Unadhani nimezaa nao?"

"Sema wewe."

"Dada, wewe ndiye unayeshika midomo. Nitajie mtoto mmoja aliyekuja hapa na mdomo huu." Akanyanyua sanamu ya Wande. "Huu haukuzaliwa. Huu umeota chumba cha pili. Wande alipokuja alikuwa na nini hapa?"

Nyanzala aligeukia rafu. Alikuwa na sanamu ya Wande ya kwanza kabisa, ya wiki tatu baada ya kuzaliwa. Hapo palikuwa na pengo hadi puani. Hakuna baba anayeweka mfereji kwenye pengo. Aliona haya kuwa hakufikiri jambo jepesi kiasi hicho, na haya ikageuka hasira.

"Basi umekaa kwenye kiti."

"Nimekaa."

"Mara kumi na moja, kwa watu usio ndugu yao!"

"Mara ya kwanza alikuwa mama wa Nzega. Alikuwa na nyuso tatu. Upande wa mume walimwambia katika ukoo wetu hakuna midomo ya namna hiyo, atafute alikoutoa. Kiti kikawaka nyekundu. Alikuja akaketi pale getini kwangu, dada, anakamulia maziwa kwenye kijiko, anamdondoshea mtoto, mtoto anayatoa puani. Nikamuuliza, ninyi ni Wanyamwezi? Akasema ndiyo. Nikasema basi mimi ni mtani wenu. Mtani huosha maiti yenu. Mtani huingia jikoni kwenu msibani akapika mkiwa mnalia. Ndugu akikosekana, mtani husimama. Nitakaa." Alivuta pumzi. "Sikujua kwamba mashine itaupenda mdomo wangu hivi. Wanawake hawajawahi kuupenda."

Nyanzala hakucheka. "Na daktari?"

"Anayewasha kiti ni nani? Mara kumi na moja amemwona mzee yuleyule anaingia kwa jina jipya. Ananiuliza, wewe ni babu wa mtoto? Nasema ndiyo. Anaandika."

Kwa hiyo zile rafu zinatolewa kwa sababu hiyo. Mchoraji amesahau, na kumbukumbu pekee iliyobaki duniani ni plasta. Nyanzala hakuweza kuamua kama daktari anawalinda watoto au anajilinda mwenyewe, na aliona kwamba huenda hata daktari hajui.

"Kalunde anafahamu," alisema taratibu. "Alikuwepo ulipokaa. Angeweza kujisafisha kwa neno moja."

"Akilisema, Wande halelewi tena. Ukurasa wa mwisho."

Mluzi wa Wande wa asubuhi kule bombani ulimrudia masikioni. Nyanzala alifikiria uso ule ukikua, ukirefuka, na mdomo ukibaki pale pale. Kisha akafikiria kiapo alichoapa siku alipopewa cheti: atatoa taarifa ya kila dosari aionayo. Alikuwa hajawahi kukivunja. Alijivunia jambo hilo kuliko mengi.

"Jumamosi tutakwenda wote," alisema. "Utavaa kanzu. Na utanyamaza mpaka nimalize."

*

Mzee Ntabo, baba mkwe wa Kalunde, alikuwa dereva wa treni mstaafu, na ua wake pale Isevya aliuendesha kama behewa: kila mtu na kiti chake. Kulikuwa na wazee watatu wa ukoo, shangazi wawili, Mhoja aliyekaa pembeni na macho mekundu, na Kalunde kwenye mkeka. Wande alikuwa amepelekwa kwa jirani.

Nyanzala alisalimia kwa Kinyamwezi, akakaribishwa. Pazi aliingia nyuma yake. Alikuwa ameambiwa anyamaze, na alivumilia mpaka kizingitini.

"Hodi, wapagazi! Mizigo mmeweka wapi?"

Shangazi mmoja aliutazama mdomo wa Pazi, akamtazama mwenzake, akauziba wake kwa khanga. Mhoja akasimama. Mkono wake ukashika mgongo wa kiti kwa namna ambayo Nyanzala hakuipenda.

"Ndiye huyu?" Mhoja aliuliza. "Kalunde, ndiye huyu? Umemleta mpaka hapa?"

"Nimemleta mimi," alisema Nyanzala. "Keti, mwanangu. Nikimaliza, kama bado unataka kumpiga, nitakushikia hicho kiti."

Alieleza. Hakupamba. Alieleza habari ya pengo, kitalu, na nyuso nne. Alimweleza Mhoja kwamba alikaa kwenye kile kiti yeye mwenyewe, na Mhoja akaitikia kwa kichwa. Mama mzazi wa Kalunde alikaa. Kalunde alikaa. Halafu akaeleza kwamba uso wa nne, wa mzee wa upande wa mume, haukuja, na aliyekaa badala yake ni huyu mtani.

"Si kweli," alisema Mhoja. "Wa nne alikuwa baba. Baba alikwenda. Aliniambia mwenyewe mwaka ule kwamba alikwenda Alhamisi."

Mzee Ntabo alikuwa akiitazama fimbo yake.

"Baba?"

"Nilifika getini," Mzee Ntabo alisema. "Nikawaona wale watoto wamepangwa kwenye benchi. Nikarudi."

"Uliniambia ulikaa. Uliniambia kiti kilikuwa cha baridi!"

"Nilidhani mashine imetosheka na watatu."

"Na wewe?" Mhoja akamgeukia mkewe. "Ulijua hakwenda. Miaka sita."

"Ningesemaje?" alisema Kalunde. Ndiyo kwanza alifungua kinywa tangu wakae. "Nisimame mbele ya mume wangu niseme baba yako mwongo? Niliona afadhali mniite mimi malaya. Na ningesema, kituoni wangesikia, na mdomo wa mwanangu ungesimama kukua. Nilinyamaza kwa ajili ya mzee, na nilinyamaza kwa ajili ya Wande. Kwa ajili yangu sikunyamaza hata siku moja."

Mzee mmoja wa ukoo alikohoa. Akamuuliza Nyanzala, kwa heshima, swali ambalo alikuwa akiliogopa tangu Alhamisi.

"Na wengine? Wako wangapi waliokaliwa na mtu huyu?"

Nyanzala alikuwa na miaka hamsini na minane. Alikuwa hajasema uongo juu ya kazi yake hata mara moja, hata pale ukweli ulipomnyima cheo.

"Huyu mmoja tu," alisema.

Yule mzee alimtazama sana. Huenda alikuwa amepita sokoni na kuona mtoto wa mtu mwingine anacheka upande mmoja. Hakuuliza tena.

Mzee Ntabo alijinyoosha. Alikuwa mtu wa amri, na aibu ilimrudisha kwenye amri kama treni inavyorudi kwenye reli. "Basi Jumatatu nakwenda. Nitakaa kwenye kiti. Wamfutie huo, wamwoteshee wa kwetu."

"Hapana, baba," alisema Kalunde.

"Nani kasema hapana?"

"Mimi. Kwanza, kuufuta ni lazima kukiri, na tukikiri wanaacha kulea. Lakini hata wangekubali, bado hapana. Mlipoitwa hamkuja. Mdomo huu ndio alionyonyea. Ndio aliojifunza kusemea, na neno lake la kwanza, baba mkwe, lilikuwa babu, wala si mama. Haukatwi tena kwa sababu ninyi sasa mmepata nafasi. Mkinitaka nirudi nyumbani, narudi na Wande kama alivyo. Hamtaki, semeni, mabegi yapo kwa jirani."

Shangazi mmoja alisema, "He!" Mwingine alimpiga kiwiko.

Sasa jambo zima lilikuwa mikononi mwa mzee mmoja aliyeaibishwa mbele ya mwanawe, na Nyanzala alimshuku kuliko alivyowahi kumshuku mtu. Mtu aliyeaibishwa hutafuta mahali pa kuiweka aibu. Kituo cha polisi kilikuwa mtaa wa pili. Neno moja pale, na Pazi angekwenda gerezani, na midomo kumi na mmoja ingesimama mwaka huo huo.

Mzee Ntabo akanyanyua fimbo, akamwelekezea mlinzi.

"Mzaramo."

"Naam, mpagazi."

"Umeniibia mjukuu."

Mtani huingia nyumbani kwa mtani wake akachukua jogoo, akachukua sufuria, akaondoka nayo mchana kweupe, na mwenye mali haruhusiwi kukasirika wala kushitaki. Akikasirika, ni yeye aliyeuvunja utani, na ukoo mzima utamcheka mpaka kaburini. Ana ruhusa moja tu, kujibu. Lakini anayechukua naye ana lazima yake: asiombe radhi. Akiomba radhi, amekiri wizi.

"Sikuiba," alisema Pazi. "Nilikuta mlango wazi na mwenye nyumba amekimbia."

Ilikuwa kali mno. Mhoja alivuta pumzi. Mzee Ntabo alibaki na fimbo hewani, na usoni mwake yalipita mambo mengi, hasira ikiwa ya kwanza na ya mwisho. Kisha akasimama, magoti yakalia. Akamwendea Pazi hatua tatu, akainua mkono, na Nyanzala akafumba macho.

Alipofumbua, mzee alikuwa amemvua Pazi kofia yake ya mkono, iliyodariziwa, akaivaa yeye. Ilikuwa ndogo kwake.

"Hii nimechukua," alisema. "Nenda kashitaki."

Shangazi ndio waliocheka kwanza, halafu wazee, halafu hata Kalunde alicheka huku machozi yakimtoka. Kicheko cha mzee mwenyewe kilikuwa kikavu, cha kujilazimisha, lakini kilisikika, na watu wazima wanane walikuwa mashahidi. Hatakwenda polisi.

Mhoja hakucheka. Alikwenda akachutama mbele ya mkeka.

"Kwa nini hukuniambia mimi? Mimi peke yangu."

"Ungeninyamazia?" Kalunde aliuliza.

Alifikiri. Nyanzala alimheshimu kidogo kwa kufikiri. "Sijui," alisema, kisha akainuka kwenda kumchukua mtoto kwa jirani.

*

Walirudi kwa miguu, jua likiwa bado kali. Pazi alijifunika kichwa kwa leso na alikuwa amelewa furaha.

"Umeona alivyovaa? Kichwa kama tangi la treni! Nitamwachia mpaka msiba, nitaichukua juu ya jeneza!"

Nyanzala alikuwa akihesabu kwa vidole ndani ya mfuko ni familia zipi kati ya zile kumi na moja ni watani wasioweza kushitaki. Wa Nzega, Wanyamwezi. Wa Sikonge wawili, Wanyamwezi. Yule wa Kiloleni, Msukuma, naye ni mtani. Kila aliyempata alimvusha upande wa pili, akipumua, mpaka akafika kwa wa saba, na hapo hesabu ikagoma. Jana tu alimwona baba wa mtoto huyo langoni mwa Kituo, mtu mrefu mwenye sare ya magereza, amesimama bila kuingia, anawatazama watu wakitoka mmoja mmoja.

"Pazi."

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina. Mlinzi alisimama.

"Mtoto wa yule bwana wa magereza. Baba yake ni mtu wa wapi?"

"Sijui."

"Hujui? Siku ile hukumuuliza mama yake? Huo utani wako uliutoa wapi?"

Pazi alivua leso, akajifuta nayo uso, na pembe ya kushoto ya mdomo wake ilikuwa imeshuka.

"Sikuuliza, dada," alisema. "Mtoto alikuwa hawezi kunyonya."